Mtoki

Jiwe la Goma halina adabu.
Lilimpasua Paluku kidole gumba cha mguu
akishuka Ndosho na chukudu, magunia sita ya makala.
Akafunga kitambaa, akaendelea.

Siku ya tatu akaota mtoki kinenani,
mgumu kama punje ya haragwe,
na usiku homa ikamchochea kama jiko.

Katungu muuguzi akaubonyeza, akaguna.
"Huu si ugonjwa. Huu ni mlango uliofungwa.
Vijidudu vimeingilia kidoleni, vikapanda,
vikakuta wenyeji hawajalala.
Chembe nyeupe. Askari wako."

Paluku akakunja uso.
"Mama, usiniambie askari.
Askari nawajua. Wanakula mbuzi wa watu,
kisha wanakudai ya sigara."

Katungu kimya, pamba mkononi.
Akakamua. Usaha ukatoka, mzito, wa manjano.

"Basi hawa tuwaiteje?
Hawakuuliza mshahara.
Hawakuweka kizuizi barabarani.
Wamemmeza adui, wakafa naye mdomoni,
na kaburi lao ndilo hili."

Paluku akaitazama ile pamba
kwa muda mrefu kuliko alivyotaka.
Akauliza kama inatupwa.

"Inachomwa. Meza vidonge vyote, usibakize.
Na viatu, Paluku! Hata kandambili."

Usiku akapapasa kinena.
Punje imeanza kulainika.
Wamebaki wachache humo ndani, wasio na jina,
gizani,
wakiikariri sura ya yule mgeni
asije akabisha hodi tena kwa jina jingine.