Mkamatwa wa Jumanne

Kila Jumanne jioni, Trondheim, theluji imeziba vioo vya chini vya ukumbi,
navua miwani, nampa Torunn anishikie,
najilaza kifudifudi kwenye mkeka unaonuka mpira na soksi,
nakamatwa.

Nina miaka sitini na mitatu. Nyonga ya kulia ni ya chuma.
Wanafunzi wa polisi huniomba radhi kabla ya kunikunja mkono.
"Msiniombe radhi," nawaambia. "Nisikilizeni kifua."

Torunn huanza na ule mtindo wa zamani, waujue ndipo waukatae:
mmoja mabegani, mmoja kiunoni, mmoja miguuni.
Anahesabu. Kufika tisa, mbavu zangu ni mlango uliosukumiwa kabati.
Kufika kumi na nne nina neno, na neno halina pa kupitia.
Nagonga mkeka mara mbili. Wanatoka.

Kisha ule mpya. Pingu zikishalia, mgeuze ubavu, upesi,
goti lake la juu likunje, tumbo liachwe wazi.
Na mmoja wenu asishike chochote:
kazi yake ni uso. Aite jina. Atazame midomo.

Sivert, mrefu, masikio mekundu kwa baridi, anauliza:
"Na akipiga kelele? Si anayesema anapumua?"

Torunn hanitazami. Anajua sentensi hiyo ilikotoka.
Niliifundisha mimi, humu humu, miaka kumi na mmoja,
filimbi shingoni.

Mpaka Novemba ile, kwenye ngazi za ghorofa kule Lademoen:
Odd-Geir, hajalala siku tatu,
anapigana na watu tusiowaona.
Tulikuwa wanne. Alisema mengi. Akasema machache.
Akanyamaza,
nami nikabonyeza redio, nikasema: Ametulia.

Ametulia.
Neno zuri hilo. Tunalala nalo kitanda kimoja.

"Anayesema," namjibu Sivert, "huenda anatumia ya mwisho.
Goti hupigwa chini, kijana. Mgongo wa mtu si chini."

Halafu nasema: Tena. Najilaza.

Ananigeuza ubavu, kiganja chini ya shavu langu,
ananiita, Asbjørn, Asbjørn,
kwa sauti ya mtu anayebisha hodi
na anataka kweli afunguliwe.

Naitika.