Mfumbati

Kana ilivunjika Jumapili, saa nne na nusu asubuhi,
mbele ya watu, tukipindua chini ya Daraja la Nyali.
Haikulia. Ilishusha pumzi tu, kama mtu anayeketi,
na nusu yake ikabaki mkononi mwangu
ikigeuka popote nilipotaka, bila faida.

Tulirudi kwa kafi, Msellem akitukana kwa sauti ya chini,
mimi nimekipakata kipande kile
kama mkate wa kumpelekea mgonjwa.

Nyumbani nikatazama palipokatika:
pale pale palipopita bolti.
Nje vanishi inang'aa, ndani unga mweusi.
Maji ya chumvi yalikuwa yakiingia tone tone
tangu enzi za mwenyewe wa kwanza,
yule aliyehesabu noti zetu mara mbili
akasema, "Haina ila."

Msellem akaleta gundi ya mikebe miwili.
Tukachanganya, tukapaka, tukakaza kwa uzi wa nailoni,
tukakesha nayo kama watu wa matanga.
Asubuhi nikaijaribu juu ya goti, kidogo tu.
Ta.
Mti uliooza hauna pa kushikwa.

Kwa fundi Nzaro, Kisauni, mvule umepanda bei;
mninga, akasema, tuuombee dua.
Ndipo mama, ambaye hakuna aliyemuuliza,
akasema kutoka jikoni, ungo haujatua:
"Juu ya kabati kuna mfumbati."

Mfumbati wa kitanda chake cha kamba.
Matendegu yaliliwa na mchwa,
ubao wa mchagoni ukawa rafu ya viatu,
na mfumbati wa upande wa ukutani
hata leo hakuna anayekiri alikoupeleka.
Huu ulibaki: msaji, mrefu kunishinda,
umeviringwa shuka kama maiti ya mtu mwembamba.
Kitandani humo tulizaliwa wanne.
Humo baba aligeuzwa kibla.

"Mama, tutaukata."
"Kwani ulikuwa ukilaliwa na nani?"
Msellem akauliza, "Na kunguni wake?"
"Walihama," akasema, "walipoona nanyi mwaondoka."

Nzaro aliniazima randa na meza,
hakuniazima neno.
Nikavilaza vipande vya zamani juu ya msaji, nikachora kwa penseli.
Kana ya kwanza ilikuwa na mkunjo;
mfumbati haujui kupinda.
Nikaufuata ukaidi wake.
Randa, tupa, msasa. Vumbi likanuka ngozi na mafuta,
likaniingia nyusini, likalala nami siku tatu.

Tundu la bolti nililitoboa kubwa,
nikalijaza gundi, nikangoja ikauke,
kisha nikatoboa tena, dogo, katikati ya gundi,
ili chuma kisiuone mti wala mti usiyaone maji.
Haya nilifundishwa na kipande kilichooza.
Kilisema kweli kuliko muuzaji.

Upande mmoja kamba zilikuwa zimeuuma,
alama za meno, ndogo, sawasawa,
kila baada ya upana wa vidole viwili.
Msasa ulikuwa mkononi.
Nikauweka chini.

Sasa Msellem analalamika:
kana iliyonyooka inamgonga magoti kila tukipindua.
Na akae vingine.

Juzi mama alitaka kuja.
Akavua viatu, akakusanya buibui,
akaketi nyuma, akaishika kana bila kupewa,
vidole vikaingia kwenye zile alama za kamba
kama funguo zinazorudi msumarini.

"Ukiisukuma kushoto," nikamwambia, "chombo chaenda kulia.
Ukiivuta huku, chaenda kule."

Akajaribu. Pua ikageukia mikoko ya Junda,
tanga likapigapiga, likajaa.
Akanyamaza kitambo.
"Kumbe," akasema, "kama marehemu baba yako."

Nikanyoosha mkono kuipokea kana.
Hakunipa.