Swali la Nne, Kidato cha Pili

Umeme umekatika tangu saa mbili.
Nasahihisha kwa chemli, nyumba ya walimu, Bahi,
karatasi ya sabini na moja kati ya mia na kumi,
na upepo wa Agosti unasukumasukuma dirisha
kama mtu aliyesahau ufunguo.

Swali la nne, alama tano:
kwa kutumia chembe, eleza kwa nini kitu yabisi kina umbo lake
na kimiminika hakina.

Wote waliotangulia wamekariri.
Chembe zimepangwa. Chembe zimeshikana.
Chembe zinatetemeka papo hapo zilipo.
Ni maneno yangu mwenyewe yananirudia,
yamelegea kama noti ya elfu moja iliyotoka mnadani.

Kisha huyu. Ndahani Chilewa, mkondo B,
anayekaa nyuma, karibu na mlango,
miguu myeupe kwa vumbi la mbugani.
Kaanza kwa Kiingereza, mstari mmoja.
Kaufuta. Chini yake:

"Mwalimu, hii naijua, ila siijui kwa lugha ile.
Kwetu tunapika chumvi. Mama hukwangua udongo,
huuchuja kwa maji, na yale yanayodondoka
ukiyatazama ni maji tu. Ukionja, imo.
Imejificha wapi? Hata ukiongeza kijiko kingine
sufuria haifuriki.
Nadhani maji yana nafasi katikati,
kama gunia la karanga: umesema limejaa,
unalimwagia uwele, linaumeza.

Tukichemsha, maji yanaondoka,
yale yenye haraka kwanza.
Chumvi haina haraka. Inabaki, inatafutana, inashikana,
inaota pembe. Mama anasema Mungu ana kisu kidogo sana.
Mimi nadhani ni vile zilivyojipanga, kama sisi paredi,
mkono begani kwa mwenzako,
ukisukumwa mmoja, mstari wote unajua.
Maji ni sisi kengele ya uji ikishalia.
Mvuke ni siku ya kufunga shule."

Mwongozo uko wazi, ukurasa wa kwanza, kwa wino mzito:
jibu la lugha nyingine, sifuri.

Nimeinua kalamu. Nimeishusha.
Harufu ya mafuta ya taa imeshafika kitandani,
mwanangu Nyemo anapiga chafya usingizini.
Hakuna aliyeibeba. Imekwenda yenyewe,
ikigongana, ikipotea, ikirudi nyuma,
chumba kizima kwa miguu isiyoonekana.
Miaka minane nafundisha msambao
na leo ndiyo mara ya kwanza naunusa.

Pale chini kabisa, nje ya mistari, kabana herufi:
"Na swali langu. Katikati ya chembe na chembe kuna nini?
Usiseme hewa. Hewa nayo ni chembe."

Miaka minane nachora miduara ubaoni,
na kati ya duara na duara naacha ubao,
mweusi, haujaguswa na chaki.
Hakuna aliyewahi kuninyooshea kidole pale.

Nimeegemeza kiganja ukutani. Tofali la kuchoma, baridi.
Limenizuia, kama kawaida.
Hakuna kitu, Ndahani. Jibu ndilo hilo:
katikati hakuna kitu, na juu ya hakuna-kitu hicho
tumejenga shule, tumeezeka bati,
tumeweka na mlinzi.

Nikaandika sifuri.
Ikatoka kama zile za ubaoni,
duara jekundu, pembeni, peke yake.
Sikuweza kuiacha hivyo. Nikaichorea ya pili, imeigusa.
Ya tatu. Nikaendelea mpaka ukingo ukajaa,
safu kwa safu, zikaota pembe.

Jumla sijaijaza.
Nimeandika tu: Jumatatu, njoo na chumvi ya mama yako,
ile ya mawe, usiitwange.

Upepo umepata ufa. Mwali umeinama, umenyooka.
Karatasi ya sabini na mbili.
Chembe zimepangwa. Chembe zimeshikana.