Kulia Kinu, Kushoto Kifusi

Hapa Ruth, Nevada, jiwe halijijui ni nini
mpaka London waamke.
Kwetu saa tisa za usiku, kwao saa tano asubuhi,
na mtu asiyewahi kukung'uta vumbi shatini
anataja bei ya ratili moja ya shaba.

Mimi ni wa maabara: nasaga, nayeyusha, napima.
Katika kilo elfu za mlima, shaba kilo mbili na nusu.
Zilizobaki ni mlima tu.
Waliotutangulia walipata ishirini,
wakanung'unika kwamba jiwe limekonda.

Bei ikisimama, kilo mbili na nusu ni mbale.
Ikishuka senti thelathini, ni kifusi.
Jiwe ni lile lile.
Halikusogea. Halikumkosea mtu adabu.

Maite Etcheverry aliendesha lori la tani mia tatu,
gurudumu lake refu kuliko mlango wa kanisa.
Penye njia panda redio humwambia:
kulia, kinu; kushoto, kifusi.
"Haya," hujibu, akitema ganda la alizeti.
Miaka kumi na tisa ya haya.
Siku moja alimwaga shehena kushoto,
hata tumbo la lori halijarudi chini, bei ikapanda.
Alicheka mpaka miwani ikaingia ukungu.

Machi, bei ikaanguka siku tisa mfululizo.
Wenye hisa hawasemi hasara, husema marekebisho.
Mali bila daftari hupotea bila habari;
sisi tulikuwemo daftarini,
tukapotea na habari zetu:
barua mia na arobaini,
ya Maite jina limekosewa herufi mbili.
Kushoto.

Kisha dunia ikataka magari ya umeme,
na kila gari lina kiu ya nyaya.
Nikaagizwa kupima upya lile lundo la kushoto.
Nimepima. Ni mbale.
Wanalichimbua sasa, kijiko kwa kijiko, kwa heshima zote,
na malori mapya hayana dereva:
yanafika njia panda, yanakunja,
hakuna anayesema haya.

Maite yuko Ely, duka la vifaa,
anauza misumari kwa ratili.
Juzi aliniuliza, bei ya leo ngapi?
Nikamtajia.
Akaongeza msumari mmoja kwenye sahani,
akautoa,
akangoja mshale wa mizani utulie.