Mizani ya Tutuo

Mimi ndiye karani. Mshale ukitulia, nasoma.
Kilo hamsini na mbili. Kilo arobaini na tisa, toa gunia.
Sina shauri na jani, sina shauri na mvua;
chuma kinasema, mimi naandika,
na mteuzi anapita na chaki yake
akinusa marobota kama mama anayechagua dagaa,
anataja gredi kwa herufi na namba,
na bei kwa dola, senti zikiifuata nyuma kama vifaranga.

Hapa Tutuo wengi wetu hatujawahi kuishika dola.
Lakini ikipanda tunajua, ikishuka tunajua,
kama unavyoijua homa ya mtoto wa jirani:
kwa taa inayowaka usiku.

Mwaka huu jani limekubali.
Njano ya limau, laini, linapinda bila kuvunjika.
Msabila kauza marobota kumi na moja, kanunua bati.
Nyamizi kalipa deni la mbolea, kabakiwa na ada ya muhula mmoja.
Siwezi kuwasema vibaya.

Ila jani haliwi njano kwa maombi.
Linataka moto siku saba, usiku na mchana,
moto usiosinzia na usiokurupuka,
na moto wa bani haushibi mabua.
Unakula mtundu, unakula muyombo,
juzi nimeuona ukila mninga uliotosha mlango wa kanisa.
Zamani kuni zilikuwa nyuma ya nyumba.
Sasa mkokoteni unatoka alfajiri, unarudi na nyota,
na ng'ombe wanaujua mpaka wa hifadhi kuliko mtendaji.

Mkataba unasema panda. Tumepanda.
Mikaratusi imejipanga kama askari wapya,
inakunywa,
na haina gome la kuchunia mzinga.

Ndipo akaja Luhende na baiskeli, ndoo mbili za asali nyuma,
na karatasi iliyokunjwa mara nne.
"Wewe unasoma. Nisomee."
Imetoka ng'ambo, ina muhuri.
Kwamba asali ni safi, rangi nzuri, maji kidogo,
lakini imekutwa na moshi, na chembe za tumbaku,
kwa hiyo mzigo haukupokelewa.
Akauliza, "Nyuki wangu wameanza kuvuta lini?"
Watu wakacheka. Yeye hakucheka.
Akaliangalia ghala, marobota hadi kwenye kenchi.
"Hawa wanaoikataa asali na hawa wanaolitaka jani,
si meli zao zinatia nanga bandari moja?"
Sikuwa na safu ya swali hilo.
Kisha, kama anayekumbuka deni dogo:
"Na mzinga wangu mmoja siuoni tangu Februari."

Usiku nikachukua rula na penseli.
Pembeni mwa gredi nikachora safu nyembamba,
juu yake nikaandika: kuni.

Asubuhi, kila robota lilipoketi kwenye chuma,
nikauliza kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza jina la baba:
ulichomea nini?
"Mitundu mitatu."
"Sijui, nilinunua mkokoteni."
"Unaniuliza wewe kama nani?"
Katibu wa chama akachungulia daftari.
"Futa. Mizani haipimi kisicholetwa."
Kisicholetwa.
Nikafuta. Penseli ikifutwa huacha mfereji,
ukiinamisha karatasi kwenye mwanga, unasomeka.

Likabaki robota la mwisho.
Langu. Ekari moja, kwa ajili ya Kashindye aliyeko bweni.
Kilo arobaini na saba, gredi ya kati.
Mteuzi akatia chaki, akaenda kunawa.
Luhende alikuwa bado yupo, amekalia ndoo yake
juani, maana kivuli cha pale uwanjani
tulikwishakiuza msimu wa juzi.

Nikaandika uzito. Nikaandika bei.
Kwenye safu iliyofutwa nikaandika, kwa wino:
mtundu mmoja, ule wa njia ya kisimani,
wenye mzinga.