Muuza Sambaza Hapiti Mara Mbili

Saa saba usiku, Buholo. Umeme umerudi
na nusu ya mtaa imeamka kupiga pasi.
Mimi nimeamka kuunganisha.

Programu ni ya ushirika wa kahawa, mistari elfu arobaini.
Aliiandika Murhula kabla ya kuvuka Ruzizi,
na tangu hapo simu yake inaita tu, inaita tu.
Hakuacha hata ukurasa mmoja wa maelezo.
Basi nikatafuta maktaba inayosoma kodi
kama mwalimu wa sarufi: hiki kitenzi, hapa mabano yamefungwa,
huyu anamwita yule.
Nikasema, isome wewe, macho yangu yamekwisha.

Mkusanyaji alipita bila neno.
Huyo ni mtu wa kuamini. Ukimwambia
yuko fulani, anapokea mbili, anarudisha moja,
anaandika, anapiga muhuri.
Nyuma yake akaja Muunganishi,
naye haamini karatasi. Anataka mwili.

Rejeo lisilojulikana.
Rejeo lisilojulikana.
Mara sitini na tatu, kila mstari na jina lake,
kama redio inayosoma waliofaulu mtihani wa taifa,
ila kinyume.

Faili la maktaba lipo. Nililipasua tumbo kwa amri,
nikahesabu majina: yamo yote,
yamesokotwa, yamebandikwa tarakimu na mikia,
kama jina la bibi kwenye kadi ya kupigia kura,
Nsimire akawa Simirhe akawa Simile,
na bado ni yeye, na bado alipiga kura.

Nikashuku toleo. Nikashuku njia. Nikafuta, nikapakua upya
megabaiti mia tatu, yaani franga za ugali wa kesho.
Nikanakili faili mahali patatu
kama mlevi anayetafuta ufunguo mmoja katika mifuko yote.
Rejeo lisilojulikana.
Bisimwa akanung'unika kwenye godoro:
"Zima hiyo mashine, au iambie ikupikie uji."

Alfajiri umeme ukaenda. Betri, asilimia kumi na tisa.
Nje, kwenye ngazi za udongo, muuza sambaza anapanda,
beseni kichwani: "Sambaza! Sambaza mbichi!"
Hakuna aliyeitika. Mtaa ulikuwa haujajua kwamba una njaa.
Akapita kwa Mama Cishugi, akapita kwetu,
akapinda kwenye tangi la maji.
Robo saa baadaye, Mama Cishugi huyohuyo, bakuli mkononi:
"Wa sambaza yuko wapi?"
Juu kabisa, Mama. Alishapita.
Nani atashuka tena na beseni kwenye mteremko ule?

Nikabaki na mswaki mdomoni.

Ule mstari wa amri, mrefu kama mkufu:
maktaba nimeiweka mwanzo, kwa heshima, kama mgeni.
Faili langu, na njaa zake sitini na tatu, liko mwisho.
Na Muunganishi hutembea kushoto kwenda kulia, mara moja.
Alifika kwenye maktaba akauliza, nani anahitaji?
Kimya.
Akaiacha hapo, akaja kwangu, ndipo nikaanza kulia.

Nikahamisha neno moja. Asilimia kumi na moja.
Haikusema kitu. Mashine ikiridhika
haina adabu ya kukuambia.

Nikaiendesha juu ya kazi ya Murhula,
ikaanza kumwaga majina: pima_gunia, kata_deni,
andika_stakabadhi, kila moja na anayeliita.
Karibu na mwisho, moja limekaa peke yake:
gawa_faida.
Limetangazwa tu. Halina mwili.
Pembeni Murhula ameandika: nitaijaza kesho.
Miaka sita, na Muunganishi hakuwahi kulalamika,
kwa sababu katika mistari yote elfu arobaini
hakuna hata mmoja uliowahi kuliita.

Asilimia nne. Nikampigia.
Ikaita.