Masasi

Usiku wa kwanza hosteli ya Mabibo
Mugisho aliniambia gizani, "Masasi."
Nikamjibu naijua,
shangazi yangu ana mikorosho huko,
basi linaondoka alfajiri.
Hakucheka. Hakunisahihisha.

Kwao Bukavu masasi ndizo risasi.
Nilikuja kujua mwezi wa pili,
transfoma ya karibu na kantini ilipopasuka
na mwenzangu, mwaka wa tatu, uhandisi wa umeme,
mtu anayeijua transfoma kwa kanuni zake zote,
akawa chini ya kitanda
na mwiko wa ugali mkononi.

Mtaka cha uvunguni huinama. Nikainama, nikaingia.
Vumbi, soksi moja, karatasi za mtihani wa zamani.
Alikuwa anahesabu kwa Kifaransa,
akifika saba anakosea, anaanza upya.

Zahanati wameandika "hofu",
vidonge vya usingizi, kimoja kila usiku.
Lakini vita havijaisha hata aanze kuvikumbuka:
kila jioni simu inamletea mtaa wao,
nyumba kwa nyumba,
na sauti ya mama inayokatika
kabla salio halijaisha.

Anakula amesimama, mgongo ukutani.
Analala na viatu, kamba zimefungwa.
Mtihani wa Jumatatu kapata alama tisini na moja;
hakuna aliyemuuliza kitu.

Jana shangazi kapiga: mikorosho imeanza kuchanua.
Nikatoka hadi ngazini kuipokea simu,
na jina la mji wake
nikalitaja kwa kunong'ona.